Stering Akidedi: Wahusika wa Manga Wenye Giza, na Vile Sisi Wasomaji Tunawabeba

Kama umekulia Kenya, kuna sheria moja ya muvi unaijua bila kufunzwa na mtu: stering hadedi. Tuliishika kwa vibanda vya video, DJ Afro akitangaza kila ngumi kwa Kiswahili. Stering anapigwa hadi anavuja damu, mwalimu wake anauliwa, anaenda msituni kufanya tizi, anarudi, adui anachapwa. Taa zinawashwa, watu wanaenda kudishi.

Sasa huyo msee mpatie manga ya giza. Mwanzoni tu, mathe wa stering analiwa na jitu mtoto akiona. Ama stering mwenyewe ndiye muuaji. Ama hakuna adui wa kuchapwa, kuna kijana tu na kichwa chake, na kichwa ndicho kinamchapa. Kitabu kinaisha, ni saa nane usiku, simu iko asilimia nne, na umebaki unaangalia mabati.

Hii makala ni ya huyo msee. Tumeweka pamoja wahusika wanaosumbua wasomaji zaidi, nini hasa kinawapata, vile watu huwachukulia, na mambo ya kujua kabla ujitupe ndani. Onyo: miisho imefichuliwa humu. Kama hutaki kujua nani anadedi, ruka jina hilo uende kwa lingine.

Naandika nikiwa Tulia, Kitui. Ndiyo, mahali panaitwa Tulia, na utani wote juu ya hilo jina nimeshauskia. Nilirudi ocha baada ya kusare chuo, na kuna msimu mzima nilikuwa na kazi mbili pekee: ndengu mchana, manga usiku. Kwa hivyo usitarajie profesa. Mimi ni msomaji kama wewe.

Manga ni nini, na mbona iko na giza hivi?

Manga ni vitabu vya katuni vya Japani. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hivyo ukishika ya kwanza usidhani walichapisha kinyume. Ikitiwa sauti na kuwekwa kwa TV inaitwa anime. Wengi wetu tulianza na anime, tukijaziwa flashi kwa duka la muvi, halafu tukaingia manga juu hatungeweza kungoja msimu mwingine.

Kosa la kwanza ni kudhani kila katuni ni ya watoi. Wajapani hupanga manga kwa umri na kwa msomaji. Shonen ni ya vijana wa kiume, shojo ni ya wasichana, seinen ni ya wanaume watu wazima, josei ni ya wanawake watu wazima. Naruto, Death Note na Attack on Titan zilitoka kwa majarida ya shonen. Berserk na Goodnight Punpun ni seinen. Ukipata mdogo wako wa miaka kumi na Berserk, usilaumu mchoraji. Kitabu kimeshikwa na mtu hakikuandikiwa.

Giza lenyewe si la juzi. Mwaka 1957 mchoraji Yoshihiro Tatsumi alianza kutumia jina gekiga kwa katuni za watu wazima, zenye maisha magumu bila kupakwa sukari. Keiji Nakazawa naye alikuwa na miaka sita bomu lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Alipoteza baba na ndugu zake. Mwaka 1973 akaanza kuchora Barefoot Gen, stori ya mtoto aliyepitia hayo hayo, na hakuficha maiti.

Hata kwao ilizua bishano. Desemba 2012, wakubwa wa elimu mji wa Matsue waliambia shule ziondoe Barefoot Gen kwa rafu za wazi, mwanafunzi asiisome bila ruhusa. Habari ilipotoka watu walikasirika sana, na Agosti 2013 amri ikafutwa. Kwa hivyo swali la kama kijana anafaa kuona mambo mazito kwa katuni, Wajapani wenyewe bado wanalibishania.

Kitui ilikuwa na majitu kabla ya Titan

Susu yangu hajawahi kuskia jina Attack on Titan, lakini nilipomweleza hakushtuka hata kidogo. Majitu yanakula watu? Akaniuliza, "Si hao ni aimu?"

Alikuwa sawa. Kwenye mbano, hadithi za Wakamba, aimu wamejaa. Eimu ni jitu linalomeza watu na mifugo. Linaweza kujigeuza kijana mtanashati, likuje kwenu kuposa, dem aolewe, halafu agundue huko mbele ameolewa na nani. Hiyo ni Tokyo Ghoul kabisa, ile ya Sui Ishida iliyoanza 2011, ambapo viumbe wanafanana na watu, wanakaa mkahawani na watu, na wanakula watu. John Mbiti, msomi aliyezaliwa Mulango hapa Kitui mwaka 1931, alikusanya hadithi za kwetu na kuzichapa kwa kitabu Akamba Stories mwaka 1966. Hazikuwa za kubembeleza mtu.

Lakini kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni mwisho. Kwenye zile susu alinisimulia, eimu akikaribia kudedi anasema akatwe kidole kidogo. Kikikatwa, wote aliowameza wanatoka wakiwa hai: watu, ng'ombe, mbuzi. Manga ya giza haikuahidi kidole. Aliyemezwa amemezwa.

Ya pili ni vile tulisikiliza. Hakuna mtoto alipewa eimu aende kulala naye pekee yake. Ulikuwa umekaa na mabinamu, moto unawaka, ukiogopa unashika mkono wa mtu, na susu akiona macho yamekutoka anaingiza wimbo. Manga inasomwa chini ya blanketi.

Na usidhani vijana wa huku walianza kusoma mambo mazito juzi. David Maillu, wa Kilungu, Makueni, alianza kutoa vitabu vyake vidogo vya bei nafuu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupitia kampuni yake, Comb Books. My Dear Bottle ilitoka 1973, After 4.30 ikafuata 1974. Pombe, ngono, ofisi, watu wanaojiharibu wakijua. Wasomi walikunja uso, Tanzania ikavipiga marufuku, na vijana wakavipokezana hadi vikachanika. Hiyo hamu ya kusoma kitu ambacho wakubwa hawataki tukisome tumeirithi.

Wahusika saba na vile wasomaji huwachukulia

1. Light Yagami, Death Note. Stori ni ya Tsugumi Ohba, michoro ni ya Takeshi Obata, 2003 hadi 2006, juzuu 12. Light ni mwanafunzi mkali anayeokota daftari la shinigami, mungu wa kifo, anayeitwa Ryuk. Ukiandika jina la mtu huku ukiuwaza uso wake, anadedi. Usipoandika sababu, moyo unasimama baada ya sekunde 40. Anaanza na wahalifu. Anaishia kuua yeyote anayemkaribia, na mwishowe Ryuk anaandika jina lake.

Hapa kwetu wasomaji wengi huanza upande wa Light, na sababu iko wazi. Ni nchi ambapo mwizi wa kuku anachomwa na tairi, mwizi wa mamilioni anaketishwa mbele kwa harambee. Nikiwa sekondari, daftari moja lilizunguka darasani watu wakiandika majina: odijo wa hesabu, prefekti, na msee mmoja akaandika jina la baba yake. Likashikwa, tukang'oa visiki wiki nzima. Adhabu nimeisahau. Kitu kimebaki ni lile jina la baba, na kwamba hakuna mmoja wetu, wala mwalimu, aliyemuuliza huyo msee kwa nini.

2. Eren Yeager, Attack on Titan. Ya Hajime Isayama, Septemba 2009 hadi Aprili 2021, chapta 139. Mtoto ambaye mathe wake aliliwa anaapa kumaliza majitu yote. Akishakua, yeye ndiye anaachilia majitu yakanyage dunia, na asilimia 80 ya binadamu wanakufa. Anauliwa na Mikasa, dem aliyempenda tangu utotoni.

Mwisho huu uligawanya wasomaji vibaya sana. Wengine walilia, wengine walihisi wamechezwa. Juzuu ya 34 ilipotoka Juni 2021 na kurasa za nyongeza, kelele ikaanza upya. Wanaomtetea Eren husema alikuwa analinda watu wake. Manze, hayo maneno "watu wetu kwanza" Mkenya akiyaskia anafaa kusimama kidogo. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa hapa na wengine wengi wakafukuzwa makwao, na waliohusika pia walisema wanalinda watu wao. Isayama hakumaanisha sisi, lakini kitabu kinasomeka tofauti ukiwa umetoka hapa.

3. Gaara, Naruto. Masashi Kishimoto aliichora kutoka 1999 hadi 2014, chapta 700. Gaara alizaliwa na jini la kutisha limefungiwa ndani yake. Kijiji kinamwogopa, baba yake mwenyewe anatuma watu wamuue. Anajifunza kuua bila kuhisi kitu, huku amechora neno la upendo kwa paji lake la uso.

Waulize wasee walikulia kwa susu huku baba ako Nairobi ama Mombasa akitafuta, wengi watakuambia Gaara ndiye wao. Cheki hii sasa: Naruto alikuwa na shida ile ile. Jini ndani, kijiji kinamkwepa, hana mzazi. Tofauti ni kwamba alipata mwalimu mmoja, Iruka, aliyemnunulia rameni na kumsikiliza. Kishimoto alimweka mtu mmoja upande huu na sufuri upande ule, na hiyo ikatosha kutengeneza watu wawili tofauti.

4. Shoya Ishida, A Silent Voice. Ya Yoshitoki Oima, 2013 hadi 2014, juzuu saba. Shoya anamtesa Shoko, msichana asiyesikia, hadi anahama shule. Kisha darasa linamgeuka Shoya mwenyewe, na miaka baadaye anajichukia hadi hawezi kuangalia mtu usoni. Stori hii ilishinda shindano la wachoraji wapya mwaka 2008 lakini ikakaa bila kuchapwa juu wachapishaji waliogopa. Ilitoka 2011, baada ya kupelekwa kwa shirikisho la viziwi la Japani likaikubali.

Kama ulikuwa mono bordingi, hii itakushika pabaya. Wasomaji walioonewa huuliza mbona Shoya apewe nafasi ya pili. Wale ambao walionea wengine hunyamaza, na nimeona mmoja akitoka kusoma akaenda kumtafuta msee wa darasa lake wa zamani aombe msamaha. Hakujibiwa, na sioni kama alidai kujibiwa.

5. Guts na Griffith, Berserk. Kentaro Miura alianza 1989. Griffith ni kiongozi mrembo ambaye kila mtu anampenda, hadi usiku anapotoa kikosi chake kizima sadaka kwa mapepo ili apate mamlaka. Guts anabaki bila jicho, bila mkono, na upanga mkubwa kuliko yeye. Hii ndiyo nzito zaidi kwa ukatili, pamoja na ubakaji ulioonyeshwa wazi. Kuna wasomaji wameiacha hapo na hawakurudi, na hakuna anayefaa kuwacheka.

Miura alifariki tarehe 6 Mei 2021 akiwa na miaka 54. Wachezaji wa gemu ya Final Fantasy XIV walipanga mistari mirefu ndani ya gemu, wote na mapanga makubwa, kumuaga. Kitabu kilikuwa hakijaisha. Mwaka uliofuata kikaendelea, juu Miura alikuwa amemsimulia rafiki yake wa tangu shule, Kouji Mori, stori ilivyokuwa inaenda, na Mori ndiye anaisimamia sasa.

6. Punpun, Goodnight Punpun. Ya Inio Asano, 2007 hadi 2013, juzuu 13. Punpun ni mtoto wa kawaida, lakini amechorwa kama kindege ambacho mtoi wa nasari angechora. Familia yake pia ni vindege, lakini wengine wote wamechorwa kama watu. Baba anampiga mama, anaondoka. Mjomba anakuja kumlea akiwa na mzigo wake. Punpun anakua, na anageuka mtu ambaye hata yeye hampendi. Msichana aliyempenda, Aiko, anajiua.

Hakuna stering hapa, hakuna adui. Wasomaji wengi husema kile kindege ndicho kinawamaliza, juu hakina uso, kwa hivyo unaweka wako. Hiki ndicho kitabu ninachokuja kubonga juu yake hapo chini.

7. Thorfinn, Vinland Saga. Makoto Yukimura alianza 2005. Mtoto wa Kivikingi anaona baba yake akiuliwa, anakua akiishi kwa kisasi tu. Halafu aliyemuua baba anauliwa na mtu mwingine. Kisasi kinapotea mkononi, Thorfinn anauzwa utumwani, na sehemu nzima inayofuata ni yeye na mwenzake Einar wakikata miti, wakilima, wakingoja ngano imee ili wanunue uhuru wao.

Wasomaji wa vita huita hiyo sehemu ya kulala. Mimi niliisoma nikilima ndengu Tulia, mikono imetoka malengelenge, mvua ikiwa ya kubahatisha, na sijawahi kuskia kitabu kikiniongelesha hivyo. Thorfinn alikuwa ametoka kwa maisha ambayo hayakuisha vile alipanga. Mimi pia.

Wazazi na neno "ushetani"

Mathe akipata simu yako na fuvu la kichwa na jina Death Note, hatauliza ni shonen ama seinen. Atasema ni ushetani. Kabla umcheke, jua hofu hiyo ina historia. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ichunguze uabudu shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikatolewa 1999. Wazazi wetu wengi walikuwa vijana wakati huo, wakiambiwa shuleni na kanisani kwamba shetani yuko kwa muziki, kwa mikufu, kwa picha.

Mathe ameona mtoto wake amejifungia, halali, hali, na kuna picha za kutisha. Wasiwasi wake ni wa kweli. Shida ni kwamba "ushetani" hufunga mazungumzo. Ukishaambiwa hivyo, huwezi kumwonyesha ukurasa uliokuliza, na yeye hatajua ulilia kwa nini.

Meseji niliyojibu na emoji

Tukiwa hosteli, mimi na jamaa yangu mmoja tulikuwa tunasoma Punpun pamoja. Pamoja ni kusema kila mtu kwa simu yake, halafu tunatumiana kurasa. Karo ilikuwa imetushinda wote wawili. Mimi nilipiga kelele, nikalalamikia kila mtu hadi wakachoka na mimi. Yeye alinyamaza. Akabadilisha picha yake ya WhatsApp ikawa Punpun. Akaanza kutuma kurasa usiku sana, bila neno. Siku moja akatuma ukurasa na maneno matatu: "Huyu ni mimi."

Nikajibu na emoji ya kucheka. Tulikuwa tunachekea kila kitu, nikadhani ni zile zetu za kawaida.

Siku mbili baadaye alikimbizwa hospitali. Aliokoka. Familia iliambia watu ni tumbo, na siwalaumu. Wakati huo kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na ungefungwa hadi miaka miwili. Ni tarehe 9 Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinaenda kinyume cha Katiba.

Nimewahi kumuuliza kama ni kitabu kilimfanyia hivyo. Alisema hapana. Alisema maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekataa kutoka, kwa hivyo alikuwa anatuma ya Punpun. Zile kurasa zote za usiku alikuwa ananiita, na mimi nilidhani ananionyesha picha.

Ndiyo maana nimekuwa nikirudia susu na moto. Wasee hubishana kama manga ya giza inaharibu vijana ama haiharibu, na naona bishano limekaa mahali pasipo. Aimu walikuwa na giza la kutosha na tulikua. Swali ni nani amekaa karibu na wewe ukisoma, na kama ukisema "huyu ni mimi" kuna mtu atauliza "vipi?"

Kenya tumeshaona hilo likifanya kazi, na kwa katuni pia. Shujaaz ilipoanza Februari 2010, ikitolewa bure ndani ya Daily Nation na kwa maduka ya M-Pesa, stering wake alikuwa Boyie, kijana amemaliza shule, hana mboka, anarusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Vijana wakaanza kumwandikia Boyie kama mtu halisi, wakimweleza shida zao. Na walijibiwa. Ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy ya kidijitali mwaka 2012, lakini kwangu kubwa ni hiyo ya kujibiwa.

Ukitaka kuanza, ama ukiwa tayari ndani

Cheki ni ya nani. Angalia kama ni shonen ama seinen kabla ya chapta ya kwanza. Programu ya Manga Plus ya Shueisha, iliyoanza Januari 2019, inakupa chapta za kwanza na za mwisho za stori nyingi bure na kihalali, kwa hivyo unaweza kuonja kabla ujifunge.

Anza na zenye mlango. Naruto, A Silent Voice na Vinland Saga zina giza, lakini kuna watu wanaotoka upande ule mwingine. Berserk na Punpun acha za baadaye, na usizisome ukiwa kwa shimo lako mwenyewe.

Kuacha katikati si utiaji. Kitabu hakidai. Ukihisi kinakukaba, funga, enda nje.

Tafuta mtu mmoja wa kusoma naye. Si lazima grupu la watu mia mbili. Mtu mmoja ambaye mko chapta moja, na ambaye unaweza kumpigia.

Mtu akikuambia "huyu ni mimi", usicheke kwanza. Muulize ni sehemu gani hasa. Mwache aongee, usimkatize na mahubiri. Ukiona amesema anataka kufa, ama amenyamaza ghafla na kuanza kugawa vitu vyake, usimwache pekee yake, mwite mtu mzima mnayemwamini. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya watoto ni 116. Zote ni bure kupiga.

Jamaa yangu yuko kwao sasa, anafanya kazi ya kuchomelea vyuma. Jumapili jioni napanda pale juu ambapo mtandao unashika vizuri, ananipigia, na tunasoma Vinland Saga, yeye akisoma maneno ya Einar na mimi ya Thorfinn. Tunaenda polepole, wakati mwingine kurasa kumi tu halafu tunaanza kubonga mambo mengine. Susu huuliza nikirudi, "Wale aimu wenu wamefika wapi?" na inabidi nimsimulie.

Wewe ni mhusika yupi alikunyima usingizi? Tuambie ni nani. Na utuambie kwa nini.